Siku ya kusoma na familia maktabani: mwongozo kwa mkutubi wa Pemba

Alkhamisi ya kwanza nilitandika majamvi mawili, nikapanga vitabu arubaini, nikakaa kusubiri. Walikuja kinamama watatu. Wawili waliwaacha watoto mlangoni wakenda zao sokoni. Wa tatu alikaa nje barazani, akaniambia yeye hajui alifu kwa kijiti, basi mambo ya vitabu ananiachia mimi mwalimu. Nikawasomea watoto hadithi tatu, wakacheka, wakaondoka. Wiki ya pili vivyo hivyo. Baada ya miezi miwili nikatanabahi kwamba nilichofungua ni mahali pa kumwekea mtoto wakati mama ananunua samaki.

Wiki ina saa 168. Mtoto wa miaka mitatu akikaa na mkutubi saa moja, zilizobaki 167 anazo mama, bibi, dada yake mkubwa, na baba akirudi baharini. Tangu hapo nimekuwa nikiipanga kazi hii kwa swali moja: je, mtu mzima aliyekuja leo anaondoka na kitu cha kufanya nyumbani kesho? Yote yaliyomo humu chini yanatokana na swali hilo. Nimeyaandika kwa ajili ya Pemba, lakini mtu wa Makunduchi au Nungwi, kule Unguja, naye atajiona humo.

Hatua ya kwanza: ruhusa na jirani

Shirika la Huduma za Maktaba Zanzibar lina maktaba yake Maisara kwa upande wa Unguja na Chake Chake kwa Pemba. Ukiwa mfanyakazi, anza na mkuu wako kwa barua ya ukurasa mmoja: siku gani, saa ngapi, watoto wa umri gani, nani atakuwepo. Ukiwa mwalimu wa skuli au mtu wa jumuiya mwenye kabati la vitabu kijijini, mwendo ni huo huo.

Halafu nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yako. Sheha anazijua nyumba zenye watoto wadogo, na neno lake likitangulia, hodi yako inaitikiwa. Usimruke maalim wa chuo cha Kurani. Watoto wengi wa kwetu hukutana na herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kiswahili, na maalim ndiye aliyewazoesha kukaa, kusikiliza na kuitikia. Akidhani unakuja kumnyang'anya watoto, kazi imekwisha. Mimi nilikwenda na swali, sikwenda na tangazo: siku gani watoto hawana chuo?

Walimu wa maandalizi na walezi wa vituo vya Tucheze Tujifunze, hivyo tunavyoviita vya Tutu, ni watu wa kuwa nao tangu mwanzo. Wao wana watoto, wewe una vitabu.

Hatua ya pili: siku na saa

Hapa ndipo programu nyingi hufia, na si kwa ukosefu wa fedha. Mtu amepanga Jumamosi saa tatu asubuhi kwa sababu ameona mahali pengine wamefanya hivyo. Pemba, Jumamosi asubuhi mama anafua, na vyuo vingi vina darasa.

Jibu la maalim lilikuwa Alkhamisi. Vyuo vingi hufunga Alkhamisi jioni na Ijumaa, na watoto wako huru. Nikaichukua Alkhamisi baada ya sala ya alasiri, kuanzia saa kumi. Chakula cha mchana kimeshaliwa, vyombo vimeoshwa, maghribi bado iko mbali. Ikiwa maktaba yako hufungwa mapema, omba kibali cha kubaki wazi siku hiyo moja, au tumia baraza ya nje. Baraza ina faida yake: anayepita huona, akasimama, na wiki ijayo akaja na mtoto.

Kwenye vijiji vya pwani angalia maji kabla ya kalenda. Wakulima wa mwani wengi ni wanawake, na wakati wa bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka sana asubuhi kuelekea adhuhuri na wote wako shambani mwao baharini. Maji mafu, yasiyotoka sana, ndiyo wakati wao wa kupumua. Hata ukipanga alasiri, siku ya bamvu mama anarudi amelowa na mgongo unamuuma, kwa hiyo usitegemee umati.

Ramadhani usifute, punguza. Nusu saa asubuhi inatosha, na usiwaalike watu saa za jikoni. Wakati wa masika nao hadithi hushindana na mvua juu ya bati. Siku kama hiyo achana na kusoma, toa karatasi wachore.

Muda wa kikao: dakika arubaini na tano. Ukizidisha, watoto wanaanza kupandiana vichwani.

Hatua ya tatu: vitabu vipi

Utakuta kabati limejaa vitabu vya msaada, vizuri, vya rangi, vya Kiingereza. Mtoto wa Wambaa, kijiji cha hapa Pemba, akioneshwa watu wanaotengeneza mtu wa theluji, ataangalia picha kwa adabu tu. Usivitupe. Vile vyenye picha nzito na maneno machache vinafaa, maana hadithi unaisimulia wewe kwa Kiswahili na picha inakusaidia. Vyenye maneno mengi vipeleke kwa wanafunzi wa sekondari.

Pitia kila kitabu ukurasa kwa ukurasa kabla hakijafika jamvini. Mimi sikufanya hivyo, nikafungua mbele ya mabibi sita kitabu ambacho ukurasa wa nne nguruwe amelala kitandani, amejifunika blanketi. Walicheka, alhamdulillahi, lakini mmoja hakurudi.

Vitabu vya Kiswahili vya watoto wadogo vipo, ila si vingi. Mradi wa Vitabu vya Watoto wa Dar es Salaam, ulioanza 1991, umesaidia kutoa vingi kwa ajili ya watoto wa Tanzania. Kwenye intaneti kuna African Storybook, mkusanyiko wa Afrika Kusini wenye hadithi za Kiswahili ambazo ni halali kuzipakua na kuzichapa bila kulipia. Chapa, kunja, shona mgongo kwa uzi wa kushonea nguo. Pini za stepla hupata kutu kwa hewa yetu ya chumvi na kumchoma mtoto.

Chagua vitabu ambavyo mtu mzima ataweza kuvieleza hata bila kusoma neno. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na sababu yake ni yule mama wa barazani.

Hatua ya nne: kikao chenyewe

Viti ondoa. Kila mtoto akae na mtu wake, mapajani au ubavuni. Anayekuja kumwacha mtoto na kuondoka, mwambie kwa upole, "Bi mkubwa, leo wewe ndiye mgeni wangu, mtoto amekusindikiza tu." Mara ya kwanza atacheka. Akisisitiza kuondoka, mwache aende, lakini mtoto naye aende naye. Lilikuwa gumu kwangu kulitekeleza, na bila hilo ningekuwa bado nalea watoto wa sokoni.

Anza na kitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto wa miaka minne atapiga kelele "yai!" kabla hujamaliza. Kisha mpe mtu mzima mmoja zamu ya kutega. Utashangaa: mama aliyekuwa kimya wiki tatu ana vitendawili ishirini, na tangu siku hiyo hakai tena nyuma.

Halafu kitabu kimoja, si vitatu. "Paukwa!" "Pakawa!" na hadithi inaanza. Kishike kitabu ubavuni, picha zikiwaelekea wao, na pitisha kidole chini ya maneno kutoka kushoto kwenda kulia. Usilidharau jambo hili la kidole. Mtoto aliyeanza chuo anajua kwamba juzuu hufunguliwa upande huu na kusomwa kutoka kulia, na wako wanaokigeuza kitabu cha Kiswahili wakaanzia mwisho. Hajakosea, anatumia elimu aliyonayo. Mwambie tu: msahafu tunaufungua hivi, hiki tunakifungua hivi. Siku mbili ameelewa.

Sasa kiini cha kikao. Mwaka 1988 mtaalamu wa Marekani, Grover Whitehurst, na wenzake walionesha kwamba wazazi waliofundishwa kumuuliza mtoto maswali wakati wa kusoma na kumwacha azungumze, watoto wao walisonga mbele katika lugha kuliko wale waliosomewa tu. Kwa hiyo ukifika katikati ya kitabu, simama. Uliza, "Huyu anafanya nini?" Mtoto akijibu "anakwenda", ongeza kidogo: "Ndiyo, anakwenda pwani na pakacha lake. Pakacha lina nini?" Kisha kifunge kitabu, wape kila familia nakala au kitabu kingine chenye picha, na watu wazima wafanye hivyo hivyo dakika kumi na watoto wao. Wewe zunguka ukisikiliza. Usiingilie.

Dakika hizi kumi ndizo programu yenyewe. Kabla yake ulikuwa unaonesha, baada yake unawaaga. Zikikosekana siku hiyo, hesabu kwamba hukufanya kitu.

Mambo mawili utayaona. Kwanza, watu wazima wataugeuza mchezo kuwa mtihani: "Hii nini? Hii je? Sema! Jana si ulijua?" Ni tabia tuliyoitoa skuli. Waambie waulize maswali ambayo wao wenyewe hawana jibu lake: ungekuwa wewe ungefanyaje? Pili, mtoto atasema "ntoto", "nnazi", "nlango", na mama aliyesoma atamkatiza: "Sema mtoto!" Mzuie mama. Hivyo ndivyo tunavyozungumza hapa, naye mwenyewe husema hivyo akiwa jikoni. Atakapoliona neno limeandikwa kwa m atalisoma bila taabu, ilimradi hakukatishwa tamaa ya kusema.

Hatua ya tano: kucheza na sauti, si kukariri herufi

Wazazi watakuuliza lini utaanza a, be, che, de. Wana haraka, wanataka mtoto aingie darasa la kwanza anasoma. Wajibu kwa makofi. Ka-ra-fu-u: makofi manne. Mbu-zi: mawili. M-to-to: matatu, na anayesema n-to-to naye anapiga matatu. Mtoto anayesikia kwamba neno limekatika vipande ana nusu ya kazi ya kusoma Kiswahili mkononi, kwa sababu Kiswahili kinasomeka kwa silabi na kila silabi ina sauti yake ile ile. Anayejua majina ya herufi tu hukwama kwenye "be" na "a" akijiuliza vipi zimekuwa "ba".

Mchezo bora wa kazi hii uko mitaani tayari: kinyume. Wakubwa zake wanapoita kitabu "bukita" na maji "jima" ili mama asielewe, wanakata silabi ya mwisho na kuipeleka mbele. Mtaalamu hawezi kubuni zoezi zuri zaidi. Waalike dada na kaka wa miaka tisa, kumi, wawe walimu wa kinyume kwa dakika tano. Wao ndio walezi wa kweli nyumbani mama akiwa konde, na wakipewa cheo hawakosi kikao.

Kuandika nako kuwepo kidogo: mkaa sakafuni, kijiti mchangani, makapeni kwenye ubao wa katoni. Chama cha wakutubi wa Marekani kina mpango wa familia ambao toleo lake la 2011 linataja mambo matano ya kufanya na mtoto: kuzungumza, kuimba, kusoma, kuandika, kucheza. Nilipoyaona nilifurahi, maana mabibi wa Pemba wanayo manne bila semina. La tano ndilo tunalowaongezea.

Hatua ya sita: kitabu cha bibi

Hapa nitakaa kidogo.

Yule mama wa barazani alikuwa bibi, anamlea mjukuu. Wiki ya tisa nilimwomba aingie atusimulie hadithi ya sungura yoyote anayoikumbuka. Akaingia, akasimulia dakika ishirini, watoto wakaganda. Mimi nikawa naandika. Usiku nikaipunguza ikawa sentensi kumi na mbili, kwa maneno yake mwenyewe, Kipemba chake na yote, nikaiandika kwa herufi kubwa, sentensi moja kila ukurasa, juu nikaacha mahali patupu pa kuchora. Wiki iliyofuata mjukuu wake na wenzake wakachora. Tukashona. Juu ya jalada tukaandika jina la bibi.

Alikipeleka nyumbani. Wiki ya pili yake alikuwa "anakisoma": anafungua ukurasa, anaangalia picha, anasema sentensi ile ile iliyoandikwa kwa sababu ni yake, na mjukuu anapitisha kidole chini. Hapo bibi hakuwa tena mtu asiyejua.

Fanya hivi: kila mwezi hadithi moja ya mtu mzima mmoja. Iandike kama alivyosema. Usiisanifishe mpaka ikawa haina mwenyewe. Sentensi zisizidi kumi na mbili. Tengeneza nakala mbili, moja ya kwake na moja ya kabatini. Kwa mwaka una vitabu kumi na viwili vya Kiswahili ambavyo havikupita bandarini wala havikuombwa kwa mtu. Tena hizo ndizo nakala zinazoazimwa zaidi, kwa kuwa kila mtoto anataka kitabu cha bibi wa fulani.

Hatua ya saba: kuazimisha bila woga

Kitabu kisichotoka mlangoni hakisaidii, na kinachokizuia ni hofu ya pande zote mbili. Mama anaogopa mtoto atakichana atozwe faini. Mkutubi anaogopa ukaguzi. Nimewahi kuwaona wakutubi mahali fulani wakifunga vitabu vya watoto kwenye kabati la kioo na ufunguo mfukoni. Vilikuwa vizuri mno kuviangalia.

Tenga vitabu thelathini, vile vya kuchapa na kushona na vilivyochakaa, viwe nje ya hesabu kuu, na mkubaliane na mkuu wako kwa maandishi kwamba kuchanika kwake si kosa la mtu. Kisha watangazie watu. Kila mtoto achukue kimoja Alkhamisi, akirudishe Alkhamisi. Shona mifuko ya kubebea kutokana na kanga kuukuu, maana mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku Zanzibar na kitabu kisipofunikwa kinarudi na harufu ya dagaa. Kikirudi kimechanika, kitengeneze mbele ya mtoto, naye ashike gundi. Kisiporudi, usiende kukidai. Muulize tu sheha kama nyumba ile wazima.

Hatua ya nane: maandishi yaliyomo nyumbani tayari

Nyumba isiyo na kitabu Pemba inawezekana. Nyumba isiyo na kanga sijaiona. Kila kanga ina jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, limesimama wazi, na mama analijua kwa moyo hata kama hakusoma. Waombe waje na kanga moja. Tandikeni, mtafute herufi ya mwanzo ya jina la mtoto, mpige makofi ya silabi, mtoto apitishe kidole. Nyumbani ni hivyo hivyo wakati wa kuanua nguo.

Tahadhari moja: kagueni majina kabla ya kutandika. Kanga zina mafumbo, na kuna siku kinamama wawili majirani walikuja na kanga ambazo, tulipozisoma kwa sauti na kwa makofi, tulikuta zilinunuliwa kwa ajili yao wenyewe kwa wenyewe.

Polo la unga, pakiti ya chumvi, jina la ngalawa ya baba: vyote vinasomeka. Na hapo kwenye ngalawa ndipo utakapompata baba. Barua ya kumwalika maktabani haikumleta hata mmoja. Kilichowaleta ni watoto kutumwa wakaandike majina ya vyombo vilivyoko diko, pale wavuvi wanapoegesha, na kuyaleta. Baba mmoja alikuja kusahihisha jina lililokosewa, akakaa mpaka mwisho.

Kuwapata wadogo zaidi, nenda wanakopatikana: siku ya kliniki. Huko Birmingham, Uingereza, mpango wa Bookstart ulianza 1992 na watoto wachanga 300 waliopewa kitabu kupitia wahudumu wa afya. Sisi hatuna kitabu cha kumpa kila mchanga, lakini benchi la kusubiri kupima uzito ni refu, na vitabu kumi na mtu mmoja wa kuonesha namna ya kuzungumza na mtoto kwa picha vinatosha. Mwombe muuguzi kwanza, na usikae njiani mwa mzani.

Hatua ya tisa: daftari na msimu wa karafuu

Andika vitu vitatu tu kila wiki: watu wazima wangapi walikaa mpaka mwisho, vitabu vingapi vimetoka, vingapi vimerudi. Idadi ya watoto iandike ukiombwa. Wafadhili huipenda, lakini haikuambii kitu.

Msimu wa karafuu ukiingia, hesabu zitaanguka. Usijilaumu. Watu wako mashambani, wengine wamehamia dago, kambi ya wachumaji, na watoto wao, na jioni familia nzima iko juu ya jamvi inachambua karafuu, kuzitenga na makonyo, yaani vikonyo vyake. Mwaka wa kwanza nilifunga. Mwaka wa pili nilitia vitabu kumi na viwili kwenye sanduku la mbao lenye kifuniko, nikampa mama mmoja aliyekuwa anakwenda dago na wenziwe, nikamwonesha tochi ya kutumia usiku. Lilirudi baada ya wiki saba na vitabu kumi na kimoja, kurasa zote zinanukia karafuu. Cha kumi na mbili kililetwa mwezi uliofuata na mtoto wa shehia nyingine kabisa, ambaye hakuna aliyemjua, akauliza kama anaweza kupewa kingine.